Chumba cha kwanza na laki tano mkononi: ununue nini, na kwa mpangilio gani

"Dada, nimepata chumba. Kodi nimeshalipa, nimebakiwa na laki tano. Nianze na nini?"

Swali hili naulizwa na wadogo zangu, na vijana wa kazini, na watoto wa majirani wanaotoka kwao kwa mara ya kwanza. Likijibiwa, yanafuata yaleyale: godoro la inchi ngapi, kitanda cha mbao au cha chuma, gesi au mkaa, friji la mtumba linafaa? Nimeona niyaandike mara moja, kwa mpangilio uleule ninaoufuata ninapomsindikiza mtu sokoni.

Naongelea chumba kimoja, au chumba na sebule, cha kupanga Dar es Salaam. Uliye Mwanza au Mbeya utabadilisha majina ya mitaa tu. Na niseme mapema: wengi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na udogo wa hela. Walianza na sofa au televisheni, wakalala kwenye sakafu miezi mitatu, mgongo unauma, kila siku wananunua chipsi kwa sababu hawana sufuria.

Uwe na hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Futi kamba. Ukikosa, azima kwa fundi yeyote wa mtaani.
- Daftari, kalamu na kipande cha chaki.
- Tochi, ya simu inatosha.
- Chaja ya simu, ya kujaribia soketi za chumba na vifaa utakavyonunua.
- Mtu mmoja wa kwenda naye, ikiwezekana aliyewahi kununua vitu hivi. Macho manne yanaona ufa ambao mawili yameuruka.

Hatua ya 1: Gawa hela ukiwa umekaa

Ukiigawa sokoni, anayeigawa ni muuzaji. Kwa laki tano, mgao ninaoshauri kwa mtu anayeishi peke yake ni huu:

Godoro Sh 180,000. Mtungi wa gesi na kichomeo Sh 55,000. Vyombo vya kupikia na kulia Sh 50,000. Shuka, mto na chandarua Sh 45,000. Ndoo, madumu na vya usafi Sh 40,000. Kitasa, taa na ekstensheni Sh 30,000. Usafiri Sh 25,000. Pazia Sh 20,000. Zinabaki Sh 55,000, na hizo ni akiba, usizipangie kitu. Zikae.

Bei za siku utazikuta sokoni, zinapanda na kushuka. Ukikuta godoro limezidi, punguza kwenye vyombo, usipunguze kwenye akiba. Wiki ya kwanza katika nyumba mpya kuna kitu kitavunjika, au utaambiwa kuna mchango wa maji taka ambao hakuna aliyekutajia siku ya kulipa kodi.

Kosa ninaloliona sana: kukopa ili ujaze chumba. Mikopo ya kausha damu inakata marejesho kila siku au kila wiki, na anayekuja kuchukua godoro lako ukichelewa hajali kwamba ulilinunua kwa hela yako mwenyewe. Kama unataka kitu kikubwa, ingia kwenye mchezo wa kuchangishana hela kwa zamu na watu mnaofahamiana kazini, ukaisubiri zamu yako.

Hatua ya 2: Pima chumba, kisha pima njia ya kuingilia

Vyumba vingi vya kupanga ni futi 10 kwa 10 au karibu na hapo, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha 4 kwa 6 kinakula 24, cha 5 kwa 6 kinakula 30, cha 6 kwa 6 kinakula 36. Toa na sehemu ambayo mlango unafungukia. Utakachobakiwa nacho ndicho utakachopikia, utakachovalia na utakachokaribishia wageni.

Chukua ile chaki, chora kitanda sakafuni kwa vipimo halisi, halafu tembea. Fungua mlango. Fungua dirisha. Inama kana kwamba unawasha jiko.

Mimi sikupima. Chumba changu cha kwanza kilikuwa Tabata, cha uani, unapita kwenye korido nyembamba yenye kona. Nilipata kitanda cha 6 kwa 6 kwa bei nzuri, nikalipa, kikafika saa moja usiku. Ubao wa kichwani ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja na mbavu, haufunguki, na kwenye ile kona ukagoma. Tulijaribu kuusimamisha, kuulaza, kuupitisha dirishani. Ulilala nje siku mbili, mvua ikaunyeshea, mwishowe fundi akaukata kwa msumeno na kuuunga upya kwa vyuma, na nililipa kazi hiyo kwa hela ya chakula. Kwa hiyo andika kwenye daftari vipimo vitatu: upana wa mlango ukiwa wazi, upana wa korido, na nafasi ya kona. Milango mingi ya ndani haifiki futi 3.

Ukiwa hapo chumbani, angalia pia soketi ziko wapi na ngapi zinafanya kazi (chomeka chaja kila moja), ukuta gani una madoa ya unyevu, na jua la mchana linapiga upande upi. Kichwa cha kitanda usikielekeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Tofali linashika joto hadi usiku wa manane.

Hatua ya 3: Badilisha kitasa

Fanya hivyo kabla hujaingiza hata sufuria. Mpangaji aliyetoka ana ufunguo, na pengine dalali pia anao. Kama kitasa ni cha silinda, unabadilisha silinda peke yake na gharama inakuwa ndogo. Mwambie mwenye nyumba kwanza, na cha zamani ukitunze ukirudishe siku ya kuhama.

Hatua ya 4: Godoro, na usilionee huruma ya hela

Hiki ndicho kitu pekee ninachokuomba ununue kipya. Theluthi ya siku yako utaimaliza juu yake.

Ukubwa: kwa chumba cha futi 10 na mtu mmoja, 4 kwa 6 inatosha. Ukiwa na mwenza, au chumba kikiwa na nafasi, 5 kwa 6. Unene: inchi 8 kwa mtu mzima. Inchi 6 inafaa ikiwa sponji ni nzito na wewe si mnene. Chini ya hapo mwili unagusa chaga.

Watu wanauliza inchi wakasahau uzito wa sponji, na uzito ndio unaoamua godoro litadumu miaka mingapi. Namna ya kupima dukani: omba magodoro mawili ya ukubwa mmoja na unene mmoja, ya bei tofauti. Linyanyue moja, kisha la pili. Lililo zito lina sponji iliyoshikana zaidi. Kisha ligandamize kwa goti, uhesabu: likirudi mara moja ni zima, likibaki na shimo linalojaa polepole litabonyea kiunoni ndani ya mwaka. Mwisho fungua zipu ya kitambaa uone ndani. Kama muuzaji anakataa zipu isifunguliwe, nenda duka la pili. Sponji iwe kipande kimoja, isiwe vipande vilivyogundishwa.

Onyo la godoro la mtumba: hata likiwa bure, likatae. Kunguni wanakaa kwenye mishono, hawaonekani mchana, na wakiingia chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji wanne, mtawalea wote.

Huna hela ya kitanda bado? Vizuri, hilo ndilo nililokusudia. Kitanda kinakuja hatua ya 9. Ila usiliweke godoro moja kwa moja juu ya saruji. Sakafu inatoa unyevu, jasho lako linashuka, na baada ya wiki tatu upande wa chini una madoa meusi ya ukungu. Tandika mkeka, na kila asubuhi lisimamishe ukutani hadi jioni. Au tafuta paleti za mbao sehemu za viwanda kama Vingunguti na Chang'ombe. Paleti nne zinabeba godoro vizuri. Angalia mhuri uliochomwa ubavuni: wenye herufi HT mbao ilitibiwa kwa joto, ichukue. Wenye MB ilifukizwa kwa dawa ya sumu, iache. Isiyo na mhuri na ina madoa ya mafuta, iache pia, hujui ilibeba nini.

Hatua ya 5: Maji na usafi

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ya maji ya kunywa, madumu mawili ya lita 20, ndoo ya kuogea na kopo lake, beseni mbili (moja ya nguo, moja ya vyombo, zisichanganyike), ufagio, dekio, kamba ya nguo na vibanio. Kama mtaa wako maji yanatoka kwa mgao, ongeza dumu la tatu.

Madumu ya njano yaliyobeba mafuta ya kula yanafaa ukiyaosha kwa maji ya moto na sabuni. Yaliyobeba kemikali hayafai hata ukiyaosha mara kumi. Nusa kabla ya kulipa. Harufu kali isiyo ya mafuta ya kupikia maana yake uliache hapo hapo.

Hatua ya 6: Jiko na vyombo

Gesi au mkaa? Kwa mtu mmoja mwenye chumba kimoja, mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Hauna mpira wa kuvuja, unapikia mlangoni au kibarazani, na asubuhi chai iko tayari kabla jiko la mkaa halijashika moto. Jiko la mkaa linaweza kuja baadaye kwa ajili ya maharage na makande, lakini usiliwashe wala usiliingize ndani huku mlango umefungwa, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Siku ya kununua mtungi, fanya mambo mawili. Kwanza, uzito: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa shingoni mwake. Muuzaji anatakiwa kuwa na mzani. Pima, toa uzito wa mtupu, zibaki kilo 6. Pili, uvujaji: ukishafunga kichomeo, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Likitoa mapovu yanayokua, kuna uvujaji. Kiberiti usikitumie kupimia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na ukiwa umelala kwenye godoro la chini ndiyo unayoivuta. Ukinusa, funga koki, fungua mlango na dirisha, usiguse swichi.

Vyombo: nenda Kariakoo, asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi mchana kuna msongamano, huwezi kugeuza sufuria ukaiangalia. Orodha ya mtu mmoja ni fupi kuliko unavyofikiri: sufuria mbili zenye mifuniko (moja ya ubwabwa au ugali, moja ndogo ya mboga na chai), kikaango kimoja, mwiko, upawa, kisu, kibao cha kukatia, chujio la chai, sahani mbili, bakuli mbili, vikombe viwili, vijiko viwili, jagi. Viwili viwili kwa sababu mgeni atakuja.

Sufuria nyepesi inayobonyea kwa kidole gumba inaunguza ubwabwa chini huku juu ni mbichi. Ni afadhali nzito moja kuliko seti ya nyepesi tano. Geuza uone kitako kiko bapa, kiweke kwenye kaunta ujue kama kinacheza, vuta masikio uone kama ribiti zimekaza. Sahani na vikombe vinashuka bei ukichukua nusu dazeni, hivyo nendeni wawili mgawane. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu azima kwa jirani mwezi wa kwanza. Huko kuazimana ndiko kunakowafahamisha majina.

Hotpoti, blenda, seti ya glasi kwenye boksi, tegemeo la vikombe la chuma: si sasa.

Hatua ya 7: Usiku wa kwanza uwe na stara

Chandarua kwanza, pazia baadaye, ingawa nakushauri vyote viwe siku moja. Chandarua cha duara kinahitaji msumari mmoja tu juu, kinafaa kwa godoro la chini. Cha mraba kinasubiri kitanda chenye nguzo. Kiwe kirefu cha kuchomekwa chini ya godoro pande zote.

Shuka na pazia za mtumba ni nzuri na imara. Zitafute Ilala kwenye soko la Karume, Manzese au Tandika, uende siku wanayofungua mabelo, mapema. Zinyanyue kwenye mwanga: shuka iliyochakaa katikati inapitisha mwanga kama chujio. Ukifika nyumbani loweka kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi, ndipo utandike. Kwa pazia, upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya upana wa dirisha, vinginevyo litakaa limekakamaa na watu wanaona ndani pembeni. Doti ya khanga iliyopindwa juu na kupitishwa waya wa pazia inastiri dirisha la kawaida kwa gharama ndogo kabisa, na chumba kinachangamka. Ukutani muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Hatua ya 8: Umeme mnaochangia

Katika nyumba ya LUKU moja, kabla hujaleta kifaa chochote kaa na wenzako mkubaliane kuchangia kwa vifaa, siyo kwa vichwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni ya wati 50 inaweza kuzunguka saa 20 kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Ukiwa na hesabu hii mkononi hutabambikiwa, na wewe pia hutambambikia mwenzako. Piga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Ekstensheni ya bei ya chini kabisa ina waya mwembamba. Shika waya wake ukiwa unatumia. Ukipata joto, punguza mzigo hapo hapo. Soketi ya kawaida inabeba takriban wati 3,000, kwa hiyo birika la wati 2,000 na pasi visiwe pamoja kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine. Nyumba za wapangaji zinaungua kwa jambo hili.

Hatua ya 9: Kaa mwezi mmoja, ndipo uende kwa fundi

Sasa una mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuogea. Usinunue kikubwa chochote kwa wiki nne. Katika wiki hizo utajua unakaa upande gani unapokula, nguo unazirundika wapi, wageni wanakuja au hawaji. Aliyekuwa na uhakika anahitaji meza ya kulia atagundua anakula kitandani na anachohitaji ni stuli mbili. Kila ukihisi kukosa kitu, kiandike na tarehe. Kilichoandikwa mara tatu ndicho cha kununua.

Kwa wengi wa niliowasindikiza, kinachojitokeza cha kwanza ni kitanda. Nenda Keko au Buguruni ukaangalie vingi kabla ya kuchagua kimoja.

Nilimpeleka mdogo wangu Keko. Kitanda cha kwanza tulichosimama mbele yake kilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, vanishi bado inanuka. Fundi akasema mninga. Nikamwomba akiegemeze ubavu. Kule chini, ambako brashi haikufika, mbao ilikuwa nyeupe yenye mistari ya njano, na kifundo cha tawi kikubwa kama sarafu ya mia. Nikapitisha ukucha kwenye kiungo cha mguu, ukatoka unga wa mbao uliokandwa na gundi, ulioziba mwanya wa karibu nusu inchi.

"Fundi, hii si paini?"

"Ni paini, dada'ngu. Rangi tu ndiyo ya mninga."

Alishusha bei palepale, lakini hatukukichukua, na sababu haikuwa paini. Sababu ilikuwa ule mwanya. Paini iliyokauka vizuri ni mbao ya kuaminika kwa kitanda cha bajeti ndogo. Mninga na mkongo ni imara zaidi, hawasumbuliwi ovyo na mchwa, na bei yao inalingana na hilo. Usichokubali ni paini kwa bei ya mninga, wala kiungo kilichojazwa unga.

Angalia haya kwa mpangilio: uso wa chini usiopakwa rangi, viungo vya miguu, vitobo vidogo vya bungua, vinavyotoa vumbi jembamba ukigonga, uzito na harufu, kwa sababu mbao mbichi ni nzito kuliko umbo lake, inanuka utomvu na itapinda ikiwa chumbani kwako. Kisha chaga. Ziwe nene, ziwe nyingi, na nafasi kati ya moja na nyingine isizidi upana wa kiganja chako, la sivyo godoro litashuka katikati. Kitanda kifungwe kwa bolti ili kifunguke. Unakumbuka korido yangu.

Cha chuma kinafaa ukipanga kuhamahama na ukiogopa mchwa. Karibu na bahari kutu inakiwahi. Hakikisha kimepakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya mapambo, na kagua sehemu zilizochomelewa.

Ukiagiza kitanda, toa nusu, nusu nyingine siku ya kukipokea. Andikeni kwenye karatasi: vipimo, aina ya mbao, idadi ya chaga, tarehe, kiasi kilicholipwa, sahihi mbili. Piga picha karatasi hiyo na fundi ameishika. Ukilipa yote mwanzo, kitanda chako kitakuwa cha mwisho kutengenezwa, hata kama fundi ni mtu mwema. Hela yako imeshanunua mbao za mteja mwingine.

Usafiri: vitu vikusanye safari moja. Kirikuu inabeba kitanda kilichofunguliwa, kabati dogo na meza. Kwa mwendo mfupi guta linatosha. Kabla ya kupakia, kubalianeni bei ijumuishe kupakia, kushusha na kuingiza hadi ndani. Neno "hadi ndani" ulitamke. Bila hilo utaachiwa vitu barabarani.

Hatua ya 10: Vya mtumba, kwa macho mawili wazi

Meza, viti vya plastiki, kabati la nguo, stendi ya viatu, feni, hata friji: vyote vinapatikana kwa wanaohama au waliohamishwa kikazi, na mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei ileile. Uliza mtaani, kwa fundi umeme, kwa walinzi wa maghorofa. Usitume hela ya kitu hujakiona, hata mtu akikwambia kuna wateja watatu wanakisubiri.

Vya mbao na vya kitambaa, mulika kwenye kona na mishono. Vidoa vyeusi vya kama kalamu imegusa ni kinyesi cha kunguni. Ondoka.

Vya umeme, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vingi vilivyotoka Japani ni vya volti 100. Ukichomeka bila transfoma vinaungua palepale, na transfoma yenyewe ni gharama nyingine. Kwa friji, fika ukute halijawashwa, shika kompresa nyuma. Ikiwa ya moto, limewashwa muda mrefu kabla hujafika ili lionekane linagandisha. Washa, kaa saa nzima, sikiliza: mngurumo wa kutulia ni mzuri, kugonga na kuzima kila dakika ni ubovu. Bana noti kwenye mpira wa mlango, uivute. Ikitoka bila ugumu, mpira umechoka. Lisafirishwe limesimama. Kama lililazwa, lisimamishe siku nzima kabla ya kuwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Daima omba risiti. Kama haipo, andikeni hati ya mauziano yenye jina na sahihi ya muuzaji, na mtu mmoja wa mtaa ashuhudie. Kitu cha wizi kikikutwa chumbani kwako, anayejibu polisi ni wewe.

Matatizo yanayojitokeza

*Kitanda kinalia ukijigeuza.* Kaza bolti kwanza. Bado kinalia? Toa chaga, kata vipande vya tyubu ya baiskeli, weka pale kila chaga inapokalia. Sehemu za mbao kwa mbao paka nta ya mshumaa.

*Godoro linanuka unyevu.* Jua la siku mbili, pande zote mbili, na soda ya magadi kidogo ikiwa harufu imeshika. Pangusa baada ya saa kadhaa. Kama ukungu umeingia ndani ya sponji, hakuna tiba, badilisha utaratibu wa kulaza ili la pili lisioze.

*Ukuta unatoa unyevu na nguo zinanuka.* Sogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, acha dirisha wazi mchana. Mwenye nyumba aambiwe, kwa ujumbe wa maandishi.

*Mwali wa gesi ni wa njano na sufuria zinaingia masizi.* Kichomeo kimeziba. Kikipoa, zibua vitundu kwa sindano, sugua kwa brashi kavu. Ukirudi kuwa wa bluu, gesi itadumu zaidi.

*Feni ya mtumba inazunguka pole, au mpaka uisukume.* Mara nyingi ni kapasita, kifaa kidogo cha bei ndogo. Mpelekee fundi umeme kabla ya kuitupa.

*Mchwa wamepanda miguu ya kitanda.* Kila mguu uweke ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari kidogo, na kitanda kisiguse ukuta. Ufa wa sakafuni wanakotokea uzibwe kwa saruji.

*Kunguni wameshaingia.* Chemsha shuka na foronya, kifungue kitanda chote, mwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo na tundu la bolti, anika godoro juani ukipiga mishono kwa brashi. Rudia baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu mayai yanaanguliwa. Na waambie majirani siku hiyohiyo, hata kama unaona haya. Chumba kimoja kikitibiwa peke yake, wiki mbili baadaye mnaanza upya.

*Fundi hapokei simu na tarehe imepita.* Usigombane kwenye simu. Nenda karakana asubuhi na mapema, wakati wa kupasua mbao, ukiwa na ile karatasi. Omba uoneshwe kazi ilipofikia. Kama hakuna hata ubao uliokatwa, dai nusu yako mbele ya mafundi wenzake, kwa adabu, na usiondoke hadi mkubaliane siku. Wengi hukianza kitanda hicho ukiwa bado umekaa pale kwenye benchi.